Mwenye Anwani

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana, nilifasiri shairi fupi la Cavafy, yule Mgiriki wa Iskandaria aliyeshinda mchana akifanya ukarani katika idara ya umwagiliaji maji na usiku akitunga mashairi. Kigiriki sikijui. Nilifasiri kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi moja iliyokatika mgongo na kwa magazeti yaliyofungiwa vitumbua. Lilikuwa shairi la mapenzi, la mtu amkumbukaye mpenziwe waliyeachana. Katika Kiingereza hapakuwa na pa kujificha: mwenye kupenda ni mwanamume, na apendwaye ni mwanamume, na viwakilishi vyasema hivyo mstari hadi mstari. Nilipokwisha kulitia katika Kiswahili nililisoma mara tatu, nikaona kwamba jambo lile limetoweka. Alikuja, akaketi, akacheka, akenda zake. Nani? Yeye. Lugha yetu haiulizi zaidi ya hapo.

Sikuwa nimeficha kitu mimi. Kiswahili ndicho kilichonifichia, na kusema kweli nilifurahi.

Mhariri niliyempelekea alikuwa mtu mzima, mjuzi wa bahari zote za ushairi, na ameshatangulia mbele ya haki. Kwa hivyo sitamtaja, wala jarida lake. Aliniita ofisini, akaagiza kahawa, akaniambia: “Shairi zuri, mwanangu. Lakini huyu apendwaye ni mwanamke, au siyo?” Nikanyamaza. Naye hakuwa mtu wa haraka. Alikunywa kahawa yake mpaka ikaisha. “Basi,” akasema, “mstari wa tatu tia neno binti. Neno moja tu. Tusije tukaulizwa.” Nikamjibu, “Inshallah, mzee.” Neno likatiwa. Shairi likatoka, watu wakalipenda, na nilisikia kwamba kuna aliyelisoma harusini.

Kwa miaka nilimlaumu mzee yule kimoyomoyo. Nilijiona kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Kisha, umri uliposogea na mimi mwenyewe nikashiriki katika kutoa vijitabu viwili vitatu vya wenzangu, neno lake la mwisho likaanza kunirudia. Tusije tukaulizwa. Nani angeulizwa? Si Cavafy, aliyekufa 1933. Wala pengine si mimi, kijana asiyejulikana, mwenye jina bila ya makao. Angeulizwa yeye. Jarida lilikuwa na ukurasa wa ndani wenye jina lake, mtaa wake na sanduku lake la posta. Mshairi ana jina, lakini mchapishaji ana anwani, na serikali ikikasirika huenda penye anwani.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali ninalotaka kuliweka mbele ya wasomaji. Mtu anayetoa maneno ya mwenziwe hadharani, ambayo hakuyatunga yeye na pengine hayapendi, anadaiwa nini? Na akiyatetea kwa sababu zisizo safi, kwa tamaa ya fedha tuseme, utetezi wake una thamani gani?

Nimeamua kulifuata swali hili Marekani, katika miaka ya 1950 na 1960, kwa kuwa huko liliulizwa mahakamani, tena juu ya jambo lilelile nililolifuta kwa neno binti. Najua jambo hili ni zito kwa wengi wetu. Sikukusudia kumfundisha mtu dini yake, nami nina yangu. Namwomba msomaji anipe uvumilivu wa kurasa chache.

Wapenzi wa ushairi wengi wamelisikia Howl, shairi refu la Allen Ginsberg, alilolisoma hadharani kwa mara ya kwanza huko San Francisco tarehe 7 Oktoba 1955. Ndani yake mna mambo mengi, na miongoni mwake mapenzi ya wanaume kwa wanaume, yaliyosemwa bila pazia. Lawrence Ferlinghetti, mshairi mwenye duka dogo la vitabu liitwalo City Lights, alilitoa mwaka 1956 katika kijitabu cha senti 75 kilichopigwa chapa London. Tarehe 25 Machi 1957 watu wa forodha walikamata nakala 520 zilizokuwa zikiingia. Mwanasheria wa serikali kuu alipokataa kushtaki, nakala zikaachiwa. Lakini mwanzoni mwa Juni polisi wa mji, wamevaa kiraia, wakaingia dukani, wakanunua nakala moja, kisha wakamkamata aliyewauzia.

Aliyewauzia hakuwa Ginsberg. Ginsberg alikuwa ng'ambo, Moroko kwanza na kisha Ulaya. Wala hakuwa Ferlinghetti, ambaye siku ile hakuwapo mjini. Alikuwa Shigeyoshi Murao, msimamizi wa duka, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani ambaye katika ujana wake, wakati wa vita, alikuwa amewekwa kambini pamoja na jamaa zake kwa sababu ya asili hiyo tu. Sasa alipelekwa rumande kwa shairi ambalo hakulitunga wala hakulichapisha. Baadaye mashtaka yake yalifutwa kwa kuwa upande wa serikali haukuweza kuthibitisha kwamba alijua yaliyomo kitabuni. Nimecheka mara nyingi kwa hili, kicheko cha uchungu: palihitajika mwuza vitabu adhaniwe hakusoma ili aokoke.

Ferlinghetti alirudi, akajisalimisha, akakaa kitini pa washtakiwa muda wote wa kesi bila ya kuitwa kutoa ushahidi. Tarehe 3 Oktoba 1957 Jaji Clayton Horn aliamua kwamba shairi lile si uchafu kwa mujibu wa sheria. Jaji huyo alikuwa mtu wa dini, mwalimu wa watoto wa Jumapili kanisani kwake. Ferlinghetti mwenyewe hakuwa katika wale wapendao jinsia yao. Alifariki Februari 2021 akiwa na umri wa miaka 101, naye anastahiki sifa zote alizopewa.

Hii ndiyo hadithi tunayopenda kusimuliana sisi washairi. Mchapishaji muungwana, shairi kubwa, jaji mcha Mungu mwenye haki. Ingekuwa ndiyo hadithi yote, swali langu lingejibika upesi. Lakini jaji Horn alipotafuta kipimo cha kupimia shairi lile, alikikuta katika hukumu iliyotolewa na Mahakama ya Juu ya Marekani miezi mitatu tu nyuma, tarehe 24 Juni 1957, na aliyesababisha hukumu ile alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa.

Samuel Roth alianza kama mshairi. Akaishia kuwa mwuzaji wa vitabu vya siri na picha za kuamsha matamanio, kwa njia ya posta, kwa miongo kadhaa. Katika miaka ya 1920 alichapisha vipande vya Ulysses ya James Joyce bila ya ridhaa ya mwenyewe, hata waandishi 167 wa nchi mbalimbali wakatia saini tamko la kumlaani. Mwaka 1934, naye ni Myahudi, alitoa kitabu cha kuwatukana Wayahudi kilichowafurahisha maadui zao. Huyu ndiye aliyefika Mahakama ya Juu. Tena alishindwa! Mahakama ilithibitisha kifungo chake cha miaka mitano. Ila katika kumfunga ililazimika kueleza uchafu ni nini: kwamba kazi itazamwe nzima, si neno moja moja lililodokolewa, kwamba kipimo ni mtu wa kawaida, si mtoto wala mwenye moyo mwepisi, na kwamba kila wazo lenye japo chembe ya manufaa kwa jamii lina hifadhi ya katiba. Mlango ulifunguliwa kwa ufunguo, kisha aliyeleta ufunguo akaachwa nje.

Wa kwanza kupita katika mlango huo kutoka kwa wapenzi wa jinsia moja wenyewe lilikuwa jarida dogo la Los Angeles lililoitwa ONE. Lilianza Januari 1953. Jina lake walilichukua kwa Thomas Carlyle, mwandishi wa Kiskoti, aliyesema juu ya udugu uwafanyao watu wote kuwa kitu kimoja. Waandishi wake wengi walitumia majina ya kubuni, na ni haki yao: ulikuwa mwaka uleule ambao Rais Eisenhower alitoa amri iliyotumika kuwafukuza watu wa namna yao katika kazi za serikali, kila jimbo lilikuwa na sheria ya kuwafunga, na madaktari waliwaandika katika orodha ya wagonjwa wa akili hadi mwaka 1973. Mtu angeweza kupoteza kazi, nyumba na jamaa kwa bahasha moja tu iliyofunguka vibaya.

Mkuu wa posta wa Los Angeles, Otto Olesen, alizuia toleo la Oktoba 1954. Yaliyomkera yalikuwa matatu: hadithi fupi ya mapenzi baina ya wanawake wawili, tangazo la jarida la Uswisi, na la tatu, ndugu zangu watungaji, lilikuwa shairi. Lilikuwa shairi la dhihaka juu ya kashfa ya Uingereza ya mwaka ule, pale Lord Montagu alipofungwa. Sisi tunaojua kazi ya shairi la kejeli hatuhitaji kufafanuliwa. Na katika toleo hilohilo mwanasheria wao kijana, Eric Julber, alikuwa ameandika makala ya kuwaeleza wasomaji kwa nini jarida halina mambo makali zaidi, akitaja yale ambayo sheria haiwaruhusu kuyachapisha. Toleo la kueleza utiifu ndilo lililokamatwa kwa uasi.

Walishindwa katika mahakama ya kwanza, wakashindwa katika ya rufaa. Wakaenda Mahakama ya Juu, na tarehe 13 Januari 1958 mahakama ile, bila hata ya kuwasikiliza kwa mdomo, iliitengua hukumu kwa sentensi moja iliyorejea kesi ya Roth. Siku hiyo Roth alikuwa gerezani.

Nimefika sasa kwa mtu aliyenifanya niandike makala hii. Jina lake ni Herman Lynn Womack. Alizaliwa Mississippi mwaka 1923, mwenye ualbino, akawa mtu wa kimo na mwili mkubwa, asiyeweza kupita mahali asitazamwe. Alisoma falsafa mpaka akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akafundisha falsafa vyuoni. Kisha akaiacha, akanunua mitambo ya kupigia chapa mjini Washington na kutoa magazeti ya picha za wanaume watunisha misuli. Yaliitwa MANual, Trim na Grecian Guild Pictorial. Kwa juu yalikuwa magazeti ya mazoezi ya mwili na uzuri wa Wayunani wa kale. Kila aliyeyanunua alijua kwa nini ameyanunua.

Msomaji asitarajie nimtetee Womack kwa ladha yake. Hapakuwa na Cavafy katika kurasa zile. Palikuwa na vijana waliosimama na kipande kidogo cha nguo mbele ya nguzo za plasta, na matangazo ya kuuza picha zaidi. Alikuwa mfanyabiashara. Aliuza upweke kwa wapweke, na bei aliipanga yeye.

Lakini tuutazame huo upweke. Marekani ni nchi pana. Mtu wa kijiji cha mahindi, maili mia na zaidi kutoka mji wenye duka la vitabu, alikuwa na njia moja tu ya kujua kwamba hayuko peke yake duniani, nayo ilikuwa mkoba wa tarishi. Ndiyo sababu vita vilipiganwa posta. Tangu 1873, kwa sheria iliyoitwa kwa jina la Anthony Comstock, posta ilikuwa na mamlaka ya kuamua kipi ni kichafu mno kubebwa, na wakaguzi wake hawakuishia kwenye ghala. Walifuata bahasha mpaka mlangoni. Septemba 1960, huko Northampton katika jimbo la Massachusetts, polisi na wakaguzi waliingia nyumbani kwa Newton Arvin, profesa wa fasihi, mwandishi wa vitabu vya kuheshimiwa juu ya Hawthorne, Whitman na Melville, ambaye mwaka 1951 alipewa Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu kwa kile cha Melville. Walikuta picha na magazeti ya watunisha misuli, ya aina ileile aliyoiuza Womack. Alikubali kosa. Kazi yake ya kufundisha ikaisha. Na katika hofu yake alitaja majina ya wenziwe, walimu wawili vijana wakashtakiwa na kufukuzwa. Alikufa Machi 1963. Mwaka huohuo hukumu za vijana wale zikatenguliwa.

Nimemtafakari sana Arvin. Mtu aliyeweza kumsoma Whitman kwa kina kile, na alipogongewa mlango akatoa majina. Simhukumu, nakumbuka niliuza mstari wa tatu kwa kikombe cha kahawa, na mlangoni kwangu hapakuwa na askari.

Nakala 405 za magazeti ya Womack zilizuiwa Alexandria, Virginia, mwezi Machi 1960. Mwaka huohuo alihukumiwa kifungo katika kesi nyingine ya posta. Akafanya hila ambayo nadhani ni daktari wa falsafa tu angeiwaza: alijiingiza katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya St. Elizabeths, palepale Washington, akaendesha biashara yake kutoka humo. (Ni hospitali ileile alikowekwa mshairi Ezra Pound kwa miaka kumi na miwili, mpaka 1958. Sijui hospitali nyingine duniani iliyosaidia uchapishaji namna hii.) Wanasaikolojia wa serikali walikuwa wakisema watu wa namna yake ni wagonjwa, haya, na ugonjwa umsaidie mwenyewe.

Na kesi ya magazeti yale hakuiacha. Angeweza kulipa, kunyamaza, kubadili jina la biashara kama walivyofanya wengi. Aliipeleka mpaka Mahakama ya Juu, dhidi ya Mkuu wa Posta wa nchi nzima, J. Edward Day, na tarehe 25 Juni 1962 akashinda, majaji sita kwa mmoja. Jaji Harlan, aliyeandika maoni yaliyotangulia, hakuficha karaha yake. Aliyaona magazeti yale kuwa ya kusikitisha na ya hali ya chini. Lakini alisema kitu ambacho hakikuwahi kusemwa: kwamba picha zile hazikuzidi kwa utupu picha za wanawake ambazo jamii inazivumilia kila siku. Sheria haiwezi kuwa na jicho moja kwa picha ya mwanamke na jicho jingine kwa picha ya mwanamume kwa sababu tu ya yule azitazamaye.

Haki, basi, ilipatikana si kwa kitu kizuri, bali kwa kitu kibovu. Na naona ndipo ilipokuwa haki. Kama mtu wa namna fulani ataruhusiwa kusoma madhali anasoma Howl, au Plato, au Cavafy, basi hakupewa haki. Amepewa ruhusa ya mtihani. Mwenziwe jirani anasoma riwaya za kipuuzi na magazeti ya picha na haulizwi.

Sasa nia. Sisi tumelelewa tukifunzwa kwamba amali hupimwa kwa nia, nami sina la kuongeza katika hilo. Ferlinghetti ana fungu lake na Womack ana lake. Lakini daftari hilo haliko mikononi mwetu. Tulicho nacho sisi ni kile kilichofika upande wa pili, na aliyepokea bahasha kule kijijini hakupokea nia ya Womack, alipokea bahasha. Kuna watu wenye nia njema kabisa, nami nawajua, waliomwacha mtu yule bila bahasha maisha yake yote. Mzee wangu wa kahawa alikuwa mmoja wao. Hakuwa na chuki na mtu. Alilipenda shairi kuliko nilivyolipenda mimi, na nadhani alilielewa kuliko mimi.

Kuna atakayeniuliza: je, mchapishaji atoe kila kitu? La. Kuna maneno yanayomwinda mtu fulani, yanayotaja nyumba yake ili ichomwe. Kuna picha za kumdhulumu mtoto. Anayechapisha hayo ni mshiriki wa dhuluma, na anwani yake ijulikane kwa sababu hiyo. Lakini katika kesi zote nilizozitaja, serikali ilipoulizwa ni nani aliyedhurika, haikuweza kumleta mtu. Ilileta karaha. Karaha ni kitu cha kweli, nami ninayo yangu ya kutosha juu ya mengi yanayochapwa siku hizi. Bali nikiifanya sheria, kesho jirani ataleta ya kwake juu ya tungo zangu.

Na hii karaha inaota katika lugha yenyewe. Wanawake wa mwambao huitana shoga tangu enzi za bibi zetu, neno la usuhuba wa kupeana siri na kuazimana kanga. Neno hilohilo limegeuzwa jiwe la kumrushia mwanamume. Naona siku hizi mabinti wengine wanaliogopa hata kwa maana yake ya mwanzo, wanasema rafiki yangu. Hakuna aliyelipiga marufuku. Udhibiti wa maandishi una ofisi na mhuri, unaweza kuupeleka mahakamani. Huu mwingine hauna anwani.

Si kwamba pwani yetu haijui ushujaa wa wachapishaji. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa kijikaratasi alichokiandika kuuliza Kenya inakwenda wapi. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitolewa na Oxford University Press ya Nairobi mwaka 1973, Sauti ya Dhiki, wakati rais aliyetawala alipofungwa yungali madarakani, na mwaka uliofuata diwani ile ikapewa tuzo yenye jina la rais huyohuyo. Kuna watu katika ofisi ile walioweka anwani yao chini ya tungo za mfungwa. Diwani tunaijua sote, na beti zake tunazo kichwani, wao hatuwataji. Basi siasa tumeithubutu. Penye mapenzi ndipo tunapotia neno binti.

Cavafy naye alikuwa na dawa yake. Hakutoa diwani ya kuuzwa hata siku moja maishani mwake. Alipiga chapa mashairi yake karatasi moja moja, akayabana, akawapa aliowachagua kwa mkono wake. Alikuwa mshairi, mchapishaji na tarishi, na anwani ilikuwa nyumbani kwake. Zamani niliiona kuwa hekima. Leo naona pia wale wasiokuwamo katika orodha yake: yule asiyejulikana, asiyejua pa kuombea karatasi.

Tafsiri yangu ya kwanza ninayo bado, imeandikwa kwa penseli katika daftari la shule, bila ya binti. Wiki iliyopita niliitoa na kuipiga upya kwa mashine, na mara hii sikukiachia Kiswahili kinifichie: katika mstari wa tatu nimetia neno kijana, kisha katika wa tano, ili pasiwe na shaka, neno mwanamume. Nimeipeleka kwa mhariri wa jarida hili ndani ya bahasha moja na makala haya. Jina lililo chini yake ni langu. Anwani iliyo katika ukurasa wa ndani ni yake, naye ana watoto, ana mwenye nyumba, na ana leseni ya kuihuisha kila mwaka. Nimemwandikia kwamba akiirudisha sitamlaumu. Hajanijibu bado.